Juu ya Kukata Maneno ya Kiitaliano, na Mahali pa Mkazo

Mwalimu afundishaye katika nchi ya Kondoa hukutana na maneno ya Kiitaliano mara nyingi kuliko anavyodhani. Hukutana nayo katika majina ya watakatifu, katika majina ya miji iliyomo katika vitabu vya jiografia, katika maneno ya muziki, na zaidi ya hayo yote katika majina ya mapadre waliofanya kazi katika nyanda hizi. Maana Prefektura ya Dodoma ilipoanzishwa mwaka 1935 ilikabidhiwa kwa Wapasionisti, shirika lililopata mwanzo wake Italia mwaka 1720 kwa Mtakatifu Paolo wa Msalaba. Kusini mwetu, Wakonsolata wa Torino walikuwa wamekwisha kufika Iringa mwaka 1919, baada ya kuanza kazi Kenya mwaka 1902. Na jimbo la Dodoma lilipofanywa jimbo kamili mwaka 1953, askofu wake wa kwanza aliitwa Pesce, neno ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni samaki.

Hivyo kwa miaka mingi watu wa Kolo wamesoma majina ya Waitaliano kwa ulimi wao, na Waitaliano wamesoma majina ya Kolo kwa ulimi wao, na kila upande umemcheka mwenzake kwa siri. Sisi twaona kwamba jambo hili lastahili kutazamwa kwa utaratibu, kwa maana si kicheko tu. Mtoto hurudiwa darasani kwa sababu ya mkazo. Msomaji kanisani huaibishwa mbele ya watu. Na jina la mtu, ambalo ni mali yake, hupotoshwa na mwingine asiyejua kwamba analipotosha.

Katika maneno yafuatayo tumetia alama ndogo juu ya irabu yenye mkazo, ili msomaji aione kwa macho. Asidhani kwamba Waitaliano huandika hivyo siku zote. Wao huandika alama hiyo kwa lazima pale tu mkazo unapoangukia mwisho wa neno, na katika maneno machache mafupi. Kwingine kote humwachia msomaji ajue mwenyewe. Hapo ndipo shida yetu ianzapo.

Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba Kiswahili na Kiitaliano ni kama ndugu kwa sauti: maneno yote huishia kwa irabu, na mkazo huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Msemo huu una ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba maneno ya Kiitaliano yaliyo mengi huchukuliwa hivyo: pàne, mkate, vìno, mvinyo, lùna, mwezi, Róma, Torìno, Milàno. Mtoto wa Kolo ayasomapo maneno haya kama asomavyo méza na nyóta hakosei hata kidogo. Waitaliano huliita neno la namna hii parola piana, yaani neno la tambarare. Lakini mtoto huyo huyo akifunua ramani ya Italia akasoma majina ya Nàpoli, Gènova, Pàdova, Bèrgamo na Brìndisi, ulimi wake utamwongoza kusema Napóli, Genóva, Padóva, Bergámo, Brindísi, na yote matano hayatakuwa sawa na wasemavyo wenyeji. Majina ya ubatizo nayo ni vivyo hivyo. Wao husema Mònica, Àgata, Stèfano, Domènico. Sisi twasema Moníka, Agáta, Stefáno, Domeníko. Hata jina la bara letu wenyewe, wao husema Àfrica, nasi Afríka.

Maneno haya ambayo mkazo wake uko juu ya silabi ya tatu kutoka mwisho huitwa sdrucciole, yaani yatelezayo. Na kwa kweli jina lafaa, kwa maana sauti hupanda mara moja kisha huteremka ngazi mbili bila kushika mahali. Yako pia yatelezayo mara mbili, bisdrucciole, kama telèfonano, wanapiga simu, ambapo mkazo uko katika silabi ya nne. Na mwisho yako maneno yaitwayo tronche, yaliyokatwa, ambayo mkazo wake uko mwisho kabisa: città, mji; virtù, fadhila; perché, kwa nini.

Kwa nini basi lugha moja iwe na mahali pane pa mkazo, na Kiswahili kiwe na pamoja? Jibu liko katika historia. Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, na Kilatini kilikuwa na sheria yake. Katika neno la silabi tatu au zaidi, hutazamwa silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa nzito, ama kwa sababu irabu yake ni ndefu, ama kwa sababu imefungwa na konsonanti, huchukua mkazo: sacraméntum. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma hatua moja: Dóminus, tabernáculum, ánima. Waliokuwa mashemasi na waimbaji zamani, Misa ilipokuwa bado yasomwa kwa Kilatini kila mahali, watakumbuka kwamba vitabu vya ibada viliandikwa alama juu ya maneno yenye silabi tatu au zaidi, ili asiyejua sheria hii asipotee njia. Maneno ya silabi mbili hayakuhitaji alama, kwa kuwa mkazo wake uko mwanzo daima.

Urefu na ufupi wa irabu za Kilatini ulipotea vinywani mwa watu katika karne za baadaye, na sheria ile ikapotea pamoja nao. Lakini mkazo wenyewe haukuhama. Neno lilizeeka, likapunguka herufi, likabadilika sura, na mkazo ukakaa pale pale ulipokuwa, kama kigingi kilichokwisha kupigwa ardhini. Latini òculum, jicho, likawa òcchio. Càlidum, moto, likawa càldo. Dòmina, bibi mwenye nyumba, likawa dònna, mwanamke. Katika maneno haya silabi ya katikati imekufa, na neno lililokuwa likiteleza limekuwa tambarare. Neno la mji ndilo lifundishalo zaidi. Lilikuwa civitàtem, likawa cittàde, tambarare bado, kisha mkia wa neno ukakatwa, likabaki città. Basi mkazo haukukimbilia mwisho wa neno. Ni mwisho wa neno uliokuja kuufikia mkazo. Ndiyo maana huitwa neno lililokatwa.

Sasa na tutazame Kiswahili. Mkazo wetu hauna kigingi. Husafiri pamoja na neno, na kila neno lirefukapo nao husogea mbele. Twasema sóma, kisha soméni, kisha soméa, kisha someána. Twasema nyúmba, na mara tu likiongezwa -ni, nyumbáni. Edward Steere alikwisha kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1870 kwamba mahali pa mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho, na tangu hapo kila mwandishi wa sarufi amekubaliana naye. Mwitaliano afanya kinyume. Husema pòrta, lete. Kisha pòrtami, niletee. Kisha pòrtamelo, niletee hicho. Neno limeongezwa silabi mbili na mkazo haukutikisika. Kwa sababu hiyo mgeni kutoka Italia, aliyejifunza kwanza neno píga, akija kusema pigana husema pígana, na nyumbani husema nyúmbani. Hakosi kwa uvivu. Anafuata sheria ya kwao kwa uaminifu. Nasi tusemapo Napóli twafuata ya kwetu kwa uaminifu ule ule. Kwa maneno mafupi: mkazo wa Kiitaliano ni wa neno, na mkazo wa Kiswahili ni wa mahali.

Kwa kuwa mkazo wa Kiitaliano ni wa neno, waweza kugeuza maana. Àncora ni nanga, ancóra ni bado au tena. Prìncipi ni wana wa wafalme, princìpi ni kanuni. Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa herufi zile zile zisomwazo mara tatu: càpitano, yanawapata; capitàno, nahodha au jemadari; capitanò, aliongoza. Katika Kiswahili jambo hili ni adimu, lakini lipo. Barabára ni njia kuu, kama ile ipitayo Kolo kutoka Kondoa kuelekea Babati. Barábara ni sawasawa kabisa. Walimu wa zamani walifundisha pia kusema lázima, kadhálika, thúmuni, kwa kufuata asili ya Kiarabu. Siku hizi twawasikia vijana wakisema lazíma bila haya, nasi hatuwezi kuwalaumu, maana neno lililokaa sana nyumbani mwa watu mwishowe hula chakula cha nyumba hiyo.

Waitaliano wenyewe walihangaika kwa muda mrefu juu ya namna ya kuandika mambo haya. Alama za mkazo na kikato cha apostrofo zilianza kuzoewa katika vitabu vilivyopigwa chapa Venezia na Aldo Manuzio, akishauriwa na mwanachuoni Pietro Bembo, hasa katika kitabu cha mashairi ya Petrarca cha mwaka 1501. Mwaka 1524 Gian Giorgio Trissino alitoa shauri lenye ujasiri zaidi. Aliona kwamba Kiitaliano kina e mbili na o mbili, moja ya kinywa kilichofumba kidogo na moja ya kinywa kilichofumbuka, nacho kiliziandika kwa herufi moja. Akataka zitumiwe herufi za Kigiriki kuzitenga. Watu wa Firenze walimpinga vikali. Jambo lake moja dogo lilikubaliwa baadaye, la kutenga u na v, lakini herufi za Kigiriki zilikataliwa. Chuo cha Crusca, kilichoanzishwa Firenze mwaka 1583, kilipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1612, kiliiacha lugha na herufi zake tano za irabu. Hata leo Mwitaliano huandika pesca, na msomaji hujua kwa maneno ya jirani kama ni pésca, uvuvi, au pèsca, tunda liitwalo pichi.

Wasomaji wetu wa Kolo wataona hapa jambo la karibu nao. Kirangi, ambacho wenyewe hukiita Kɨlaangi, nacho kina irabu saba, wala si tano za Kiswahili. Lakini zile mbili za ziada hazikai mahali pamoja na za Kiitaliano. Za Kiitaliano ziko chini, kati ya e na a, na kati ya o na a. Za Kirangi ziko juu, kati ya i na e, na kati ya u na o, nazo siku hizi huandikwa ɨ na ʉ zenye mstari katikati. Walioandika Kirangi wamefanya alilolitaka Trissino, nao wamefanikiwa kuliko yeye. Tena Kirangi hutenga maneno kwa urefu wa irabu na kwa kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo Kiswahili hakina, na Wasandawe walio magharibi yetu wana sauti zao za kupanda na kushuka pia. Basi mtoto wa Kolo ana sikio lililofunzwa vema kabla hajafika shuleni. Akishindwa kusikia tofauti kati ya Stèfano na Stefáno, si kwa sababu sikio lake ni zito. Ni kwa sababu hakuna aliyemwambia asikilize upande gani.

Tumeongea juu ya mkazo. Sasa tuje kwenye kukata maneno. Wengi wetu tulifundishwa kusoma kwa vipande, ba be bi bo bu, na njia hiyo ilifaa kwa kuwa kipande cha Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kiitaliano hupenda hivyo pia, illa kina milango minne ambapo kipande hufungwa kwa konsonanti. L, r, m na n zikifuatwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma: al-to, por-ta, cam-po, can-to. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hukatwa katikati: mam-ma, not-te, bel-lo, na neno la maji, acqua, hukatwa ac-qua kwa sheria hiyo hiyo. Lakini konsonanti ifuatwayo na l au r huenda pamoja nayo mbele: li-bro, pa-dre. Na herufi s, ambayo ndiyo huwashangaza wageni, hurukia kipande kifuatacho: pa-sta, fi-ne-stra, ma-e-stro. Mwisho, gn, gl na sc zikiwa sauti moja hazikatwi kamwe: o-gni, fi-glio. Hivyo jina la yule askofu wa kwanza wa Dodoma ni pe-sce, kama pé-she, wala si pes-ke, kama wengine walivyolisoma.

Katika m na n ndipo tunapoachana kabisa. Mwitaliano aionapo Kondoa hukata Kon-do-a, akifunga mdomo juu ya n, kisha akaanza upya. Sisi twasema Ko-ndo-a, kwa kuwa nd kwetu ni pumzi moja, kama mb katika te-mbo na ng katika ke-nge-le. Na neno kama mtu humshangaza zaidi. Kwake konsonanti haiwezi kuwa kipande peke yake. Hakuna neno la Kiitaliano lenye jambo hilo. Kwetu m-tu ni vipande viwili, na mkazo wote uko juu ya m, kadhalika n-chi na n-ta. Ndiyo sababu wageni wengi huingiza irabu, wakasema umtu au mutu, na Mpwapwa ikawa Umpwapwa. Mwalimu amfundishaye mgeni Kiswahili amwambie kwanza aimbe herufi m kwa mdomo uliofumba, aishike kidogo, kisha aachie -tu. Twajua kwa kujaribu kwamba njia hii huleta matunda haraka kuliko maelezo marefu.

Konsonanti za mara mbili ni mlango mgumu kwetu. Mwitaliano husema séte, kiu, na sètte, saba. Péna, adhabu, na pénna, kalamu. Nòno, wa tisa, na nònno, babu. Msomaji asiyeshika konsonanti amemwita babu wa mtu mtu wa tisa. Mganda hangepata taabu hapa, kwa maana Kiganda nacho hushika konsonanti, kama katika kkubo, njia, na ggulu, mbingu. Sisi wa nyanda za kati hatuna kitu hicho, lakini tunao urefu wa irabu wa Kirangi, na kwa huo twaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Kwa maana katika Kiitaliano irabu yenye mkazo hurefuka ikiwa kipande chake ki wazi, na hufupika kikifungwa: cà-sa, nyumba, a yake ni ndefu, càs-sa, sanduku, a yake ni fupi. Mrangi asikilize urefu wa irabu, na konsonanti itajileta yenyewe.

Jambo lenye kuleta taabu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni irabu mbili zikaazo pamoja. Sheria ya Kiswahili ni nyepesi: kila irabu ni kipande. Kiitaliano hutenga. I na u zisizo na mkazo, zikikaa kando ya irabu nyingine, huungana nayo kuwa kipande kimoja: pie-de, mguu; uo-mo, mtu; Eu-ro-pa; au-to-re. Lakini i au u yenye mkazo husimama peke yake: vì-a, pa-ù-ra. Na a, e, o zikikutana hukaa mbalimbali: po-è-ta, le-ó-ne. Kutokana na hayo, jina Maria halina ugomvi, kwa kuwa Marìa wa Kiitaliano na María wa Kiswahili ni mmoja, na Lusía vilevile. Lakini Antonio kwao ni vipande vitatu, An-tò-nio. Kwetu ni vinne, na mkazo ukaangukia i, Antonío. Glória ya Kilatini imekuwa kwetu Gloría, na òstia ya Kiitaliano imekuwa hostía.

Jina la Mtume Paulo lina historia ya namna yake. Katika Kilatini Paulus ni vipande viwili, Pau-lus. Katika Kiitaliano ile u ilifunguka ikawa o, na kwa kuwa a na o haziungani, jina likawa na vipande vitatu: Pà-o-lo, tena neno liteleza. Katika Kiswahili nalo lina vitatu, Pa-u-lo, lakini mkazo ni juu ya u, Paúlo. Hivyo jina la mtu mmoja lina sura tatu, na kila moja ni halali nyumbani mwake. Sasa fikirini juu ya Haubi, kijiji kisicho mbali na Kolo. Sisi twasema Ha-ú-bi. Mwitaliano huunganisha a na u kama katika au-to-re, na h kwake haina sauti, basi husema Àu-bi. Mzee wa Haubi asikiaye Àubi hufikiri kwamba mgeni anazungumza juu ya mahali pengine.

Tunajua mwalimu mmoja aliyekuwa na desturi ya kuwarudi watoto waliosema Stefáno na Moníka, akiwaambia kwamba wameharibu majina matakatifu. Sisi hatuafikiani naye. Mwaka 1912 Papa Pio wa 10 alimwandikia askofu mkuu wa Bourges kusifu matamko ya Kilatini ya namna ya Kirumi, na tangu hapo mapadre wa mataifa mengi walijitahidi kutamka Kilatini kama Waitaliano. Barua hiyo ilihusu Kilatini. Haikuhusu Kiswahili. Neno likiwa bado la Kilatini, liimbwe kwa mkazo wa Kilatini, na kwaya inayoimba Dominus kwa kukaza mi irekebishwe kwa upole, kwa kuwa wimbo wenyewe umetungwa ukingojea mkazo uwe mahali pake na sauti hugongana na maneno. Lakini likiisha kuvaa nguo za Kiswahili, likawa altare, sakramenti, tabernakulo, katekista, ni neno letu. Tabernakúlo si kosa, kama vile kwa Mwitaliano tabernàcolo si kosa ingawa naye amegeuza u kuwa o. Majina ya watu nayo ni hivyo. Anayeitwa Stefáno na mama yake ni Stefáno. Akienda kusoma Roma, kama walivyofanya mapadre wengi wa Afrika ya Mashariki, na kama alivyofanya Laurean Rugambwa kati ya mwaka 1948 na 1951, kabla hajawa kardinali wa kwanza wa Afrika mwaka 1960, wenyeji watamwita Stèfano, naye ataitika. Akirudi Kolo atakuwa Stefáno tena.

Wako wasemao Kiswahili cha namna yao ambao wangeshika mambo haya kwa wepesi kuliko sisi, nao ni watu wa Barawa, katika pwani ya Somalia iliyotawaliwa na Italia. Lugha yao, Chimiini, ni ya ukoo mmoja na Kiswahili, lakini mkazo wake waweza kukaa mwisho wa neno, na katika vitenzi vyao hutenga mimi na wewe na yule: neno lile lile likikazwa mwisho ni la nafsi moja, likikazwa kabla ya mwisho ni la nyingine. Vita vya miaka ya 1990 viliwatawanya Mombasa, Uingereza na Marekani, na lugha hiyo sasa yasemwa mbali na nyumbani. Mtu wa Barawa hahitaji kuelezwa tofauti ya capitàno na capitanò.

Neno moja juu ya mashairi, kwa kuwa kukata maneno na mkazo hukutana hapo kuliko mahali popote. Kaluta Amri Abedi aliyeandika sheria za ushairi wetu mwaka 1954 alihesabu mizani kwa vipande tu: shairi lina 8 na 8 katika mstari, na mkazo hautajwi. Kila irabu huhesabiwa, na m ya mtu nayo huhesabiwa. Waitaliano wanao mstari wao mkuu, endecasillabo, yaani wenye vipande 11, ambao Dante, aliyekufa mwaka 1321, aliusifu kuliko yote na kuutumia katika utungo wake mrefu. Lakini mtu akiketi kuhesabu vipande vyake kwa vidole atapata mara 10, mara 11, mara 12, na atadhani mshairi alikosa. Hakukosa. Sheria yao ni kwamba mkazo wa mwisho lazima uwe juu ya kipande cha 10. Neno la mwisho likiwa tambarare mstari una 11, likiwa limekatwa una 10, likiwa lateleza una 12, na yote huitwa 11. Tena irabu ya mwisho wa neno na irabu ya mwanzo wa neno lifuatalo huweza kuyeyushwa kuwa pigo moja, jambo ambalo katika shairi la Kiswahili lingekuwa wizi wa mizani.

Vina navyo ni mbalimbali. Kwetu yatosha kipande cha mwisho kifanane, na kipande hicho hakina mkazo: tazáma na kisíma ni kina kizuri cha -ma. Mwitaliano huanza kufananisha kutoka irabu yenye mkazo hadi mwisho: amóre, dolóre, onóre. Kwake tazáma na kisíma si kina hata kidogo, lakini tazáma na saláma ni kina safi. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi mkazo ni kitu gani, naachane na ubao kwa siku moja, awape kutunga beti kwa kina cha Kiitaliano. Watagundua wenyewe kwamba sikio lao lilikuwa likisikia mkazo siku zote.

Limebaki jambo la wapiga chapa. Neno lisipoenea mwisho wa mstari hukatwa kwa kistari, na wapangaji wa herufi waliofundishwa na Waitaliano, au wanaotumia mashine zilizotengenezwa kwa lugha za Ulaya, huandika Kon- mwishoni na doa mwanzoni mwa mstari ufuatao, au m mwishoni na toto chini yake. La kwanza ni kukata nd ambayo haikatiki. La pili halivunji sheria ya silabi, kwa maana m-to-to ndivyo ilivyo, lakini herufi moja iliyoachwa peke yake mwisho wa mstari humchelewesha msomaji mchanga, naye huitafuta maana asiione. Na iandikwe Ko- na ndoa. Na mtoto ahamishwe mzima au akatwe mto- na to.